Ufa ulizibwa, kiwanda kikalipuka

Ndugu msomaji, sote tulifundishwa tangu utotoni kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Leo nataka kukusimulia habari ya watu ambao hawakuupuuza ufa. Waliuona, wakakutana asubuhi yake, wakaamua, na kabla ya siku tano kupita mtambo ulikuwa unafanya kazi tena. Miezi miwili baadaye watu 28 walikuwa maiti.

Nilikumbuka habari hii mwezi uliopita nilipokwenda kwenye kiwanda kimoja hapa jijini, ambacho sitakitaja, kurekodi kipindi juu ya gharama za umeme. Tulipokuwa tukipita nyuma ya chumba cha boila niliona bomba la mvuke limefungwa kibano cha chuma chenye bolti nne. Pembeni mvuke ulikuwa ukifuka taratibu, mfano wa birika la chai. Nikamwuliza mwenyeji wangu, hiki ni kitu gani? Akanijibu, "Ah, hiyo ni ya muda tu, kaka." Nikamwuliza, ya muda tangu lini? Akacheka. "Mimi nilipoajiriwa niliikuta."

Sikumlaumu. Kuzima boila ni kusimamisha kiwanda kizima, na kiwanda kikisimama wapo vibarua watakaorudi nyumbani mikono mitupu. Tena, kuziba bomba wakati mtambo unaendelea na kazi ni ufundi halali kabisa, unaofanywa duniani kote. Mafundi wana vibano, wana masanduku ya chuma yanayofungwa kuzunguka mahali panapovuja, wana bandeji za nyuzi zinazoganda zikawa ngumu kama jiwe. Kazi hiyo ikifanywa na anayeijua, bomba linaweza kudumu hadi siku ya matengenezo makubwa. Lakini ipo hatua moja ambapo kiraka hukoma kuwa kiraka kikawa mtambo mpya, na wenye kiwanda wasitambue. Hatua hiyo ndiyo iliyovukwa Flixborough.

Flixborough ni kijiji cha Uingereza katika eneo la Lincolnshire, kando ya mto Trent, si mbali na Scunthorpe, mji wa viwanda vya chuma. Kiwanda kilichokuwapo hapo kiliitwa Nypro. Kilimilikiwa kwa ubia na shirika la migodi la serikali ya Uholanzi pamoja na Bodi ya Taifa ya Makaa ya Mawe ya Uingereza. Nawataja wenyewe makusudi, kwa sababu tumezoea kudhani kwamba uzembe ni wa tajiri mwenye uchu wa faida peke yake. Hawa walikuwa mashirika ya umma.

Kazi ya kiwanda ilikuwa kutengeneza kaprolaktamu, malighafi ya nailoni. Safari ya kuipata ilianza na kimiminika kiitwacho saikloheksani, ambacho ukikiangalia ni kama petroli na kinawaka kama petroli. Kilipitishwa kwenye matangi makubwa sita ya chuma yaliyopangwa mstari mmoja kama ngazi, kila moja likiwa chini kidogo ya lile lililotangulia, ili kitiririke chenyewe kutoka la kwanza hadi la sita. Ndani ya matangi hayo joto lilikuwa nyuzi 155 za Selsiasi na shinikizo kilo 8.8 kwa kila sentimita mraba, yaani kama mara nne ya upepo unaojazwa kwenye tairi la gari dogo. Sasa zingatia jambo hili. Saikloheksani ikiwa wazi huchemka kwenye nyuzi 81 hivi. Kwa hiyo ilikuwa imezuiwa isigeuke mvuke kwa nguvu ya shinikizo peke yake. Ikipata tundu kubwa, haimwagiki ikatulia kama maji ya ndoo. Sehemu kubwa yake inaruka hewani papo hapo ikawa wingu.

Jioni ya tarehe 27 Machi 1974 tangi la tano lilionekana linavuja. Kesho yake asubuhi walikuta ufa wenye urefu wa karibu mita mbili. Chanzo chake kilikuja kujulikana baadaye, nacho kinasikitisha: ulitokana na kiraka kingine kidogo. Huko nyuma palikuwa na mvujo mdogo karibu na tangi, basi wakawa wanapamwagia maji ili kupunguza hatari ya moto. Maji yale yalikuwa na chumvi za naitreti, na chumvi hizo zikakila chuma cha tangi pole pole hadi kikapasuka.

Mkutano wa tarehe 28 Machi ulikata shauri kuliondoa tangi la tano na kuunganisha la nne na la sita kwa bomba, ili uzalishaji uendelee. Matundu ya matangi yalikuwa na upana wa inchi 28. Bomba pana kuliko yote lililopatikana kiwandani lilikuwa la inchi 20. Na kwa kuwa tangi la nne lilikuwa juu kuliko la sita, bomba lilibidi liwe na magoti mawili. Kila mwisho wake ulishikizwa kwenye kiungo cha chuma chembamba chenye mikunjo mikunjo kama kodiani, ambacho kazi yake ni kunyumbuka chuma kinapotanuka kwa joto. Chini yake likawekwa jukwaa la mabomba ya wajenzi, kama yale unayoyaona kwenye ghorofa linalojengwa.

Mchoro wa kazi hiyo ulichorwa kwa chaki kwenye sakafu ya karakana. Haukuwapo mwingine.

Usidhani hawakupiga hesabu yoyote. Walipiga mbili. Walihakikisha kwamba inchi 20 zinatosha kupitisha kimiminika, na kwamba bomba lililonyooka la unene ule linaweza kustahimili shinikizo. Majibu yote mawili yalikuwa sahihi. Lakini bomba lao halikuwa limenyooka. Wewe unayemwagilia bustani umeona mpira wa maji uliokunjika unavyofanya ukifungua bomba kwa ghafla: unajipinda, unataka kunyooka. Shinikizo lile lilikuwa likisukuma kila mwisho wa bomba kwa nguvu inayozidi tani 30, na kwa sababu ya magoti yale nguvu hizo hazikukabiliana uso kwa uso. Zilitaka kulipindua bomba. Kilichobaki kulizuia ni vile viungo vya mikunjo, ambavyo havikutengenezwa kwa kubeba mzigo wa namna hiyo. Mwongozo wa waliovitengeneza ulieleza jinsi ya kuvitegemeza. Haukufunguliwa.

Kwa nini haukufunguliwa? Hapa ndipo mimi ninapokaa nikifikiri. Mhandisi mkuu wa kiwanda alikuwa ameacha kazi mwanzoni mwa mwaka ule na nafasi yake haikuwa imejazwa. Waliobaki walikuwa watu wazoefu wenye bidii, lakini hakuna hata mmoja aliyekuwa mhandisi wa mitambo mwenye sifa kamili. Ndiyo maana hakuna aliyeona kwamba lipo swali la tatu. Tume ya uchunguzi, iliyoongozwa na mwanasheria Roger Jocelyn Parker na kutoa ripoti yake mwaka 1975, iliwasafisha na tuhuma kwamba walijua ni hatari wakaendelea kwa ajili ya uzalishaji. Hawakujua. Kwangu mimi jambo hilo linatisha kuliko kama wangekuwa walafi.

Walilijaribu bomba kwa gesi ya naitrojeni hadi kilo 9, wakati valvu ya usalama ilikuwa imepangwa kufunguka kwenye kilo 11. Kwa hiyo mtambo uliruhusiwa kufikia shinikizo ambalo bomba halikuwahi kujaribiwa nalo. Matangi mengine matano hayakufunguliwa kuangaliwa kama nayo yana nyufa. Tarehe 1 Aprili kiwanda kikawashwa.

Bomba lilishika Aprili yote na Mei yote. Naomba usipite haraka hapo, ndugu msomaji. Kila siku iliyopita salama ilikuwa kama shahidi mpya kwamba kazi ni nzuri, na kila zamu iliyoingia ilizidi kulizoea. Mwisho wa Mei mtambo ulisimamishwa kwa sababu ya mvujo mahali pengine, kisha ukaanza kuwashwa tena Jumamosi tarehe 1 Juni. Siku hiyo, saa 11 kasoro dakika 7 jioni kwa saa zetu, bomba lilikuwa limekwisha kukatika na wingu la saikloheksani lililotoka likashika moto.

Katika chumba cha kuendeshea mitambo walikuwamo watu 18. Hakutoka hata mmoja. Wengine 10 walikufa, na 36 wakajeruhiwa ndani ya eneo la kiwanda. Nje, vijijini na mjini, ziliharibika nyumba 1,821 na maduka 167. Jengo la ofisi lilibomoka kabisa, lakini lilikuwa tupu kwa kuwa ilikuwa Jumamosi. Ingekuwa Jumatatu, hesabu ya maiti ingekuwa nyingine.

Wapo wahandisi ambao kwa miaka mingi waliendelea kubishana kama lililoanza kukatika ni bomba lile au ni jingine dogo la inchi 8. Mimi si fundi, sitaingia humo. Ninachojua ni kilichofuata. Sheria ya usalama kazini, ambayo tayari ilikuwa bungeni, ilipitishwa Uingereza Julai 1974, na jina la Flixborough likaingia katika masomo ya wahandisi. Utaratibu uliotokana nayo unaeleweka hata na mimi: mabadiliko yoyote ya mtambo, hata ya siku moja, yaandikwe, yapigiwe hesabu na mwenye ujuzi, yasainiwe, yawekewe tarehe ya kuondolewa. Mwaka 2006 chama cha wahandisi mitambo cha Marekani, ASME, kilitoa kitabu kizima, PCC-2, juu ya kukarabati mabomba na vyombo vya shinikizo. Vibano navyo vina sura yake humo.

Juzi nilimpigia simu mwenyeji wangu wa kile kiwanda. Nikamwuliza kama kile kibano kimeandikwa mahali popote: nani alikifunga, kwa hesabu ya nani, na kitoke lini. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kaka, ngoja nikamwulize mzee wa stoo, yeye ndiye wa zamani." Bado hajanipigia.