Mwindaji Ndiye Aliyefungua Njia za Lualaba

Waluba, Walunda na Wayeke wanatofautiana katika mengi, lakini wakihadithia asili ya falme zao, wote wanaanza na mwindaji mgeni. Waluba humtaja Mbidi Kiluwe, mwana wa mfalme aliyetoka mashariki akifuata nyayo za wanyama. Mwanawe, Kalala Ilunga, alimwangusha mtawala katili Nkongolo na kuusimika ukoo wake. Walunda humtaja Chibinda Ilunga, wa ukoo huohuo wa Kiluba, aliyeelekea magharibi na upinde wake hadi akakutana na Ruweji, malkia wa nchi, wakaoana. Wayeke hawahitaji kurudi nyuma kiasi hicho. Mzee wao, Msiri, alifika Katanga katikati ya karne ya 19 akitokea Unyamwezini, na watu wake walijulikana kwanza kwa kuwinda tembo.

Falme zote tatu zimeacha alama katika mkoa wa Lualaba au mpakani mwake. Ndiyo maana, katika nchi hii, kumtembeza mgeni kuona wanyama na kumtembeza kusikiliza wazee ilikuwa kazi moja tangu mwanzo. Zilitenganishwa baadaye, na tarehe ya kutenganishwa inajulikana.

Sifa ya Kolwezi, mji mkuu wa mkoa huo, duniani ni nyingine. Kongo hutoa karibu asilimia 70 ya kobalti yote ya dunia, na sehemu kubwa inatoka kwenye udongo unaouzunguka mji huu. Mwaka 2014 wakazi wa mtaa wa Kasulo waligundua madini chini ya nyumba zao wenyewe, wakaanza kuchimba mashimo uani na hata vyumbani. Mgeni anayeshuka uwanja wa ndege wa Kolwezi kwa kawaida ameletwa na mgodi. Atapita kwenye vumbi la malori, atalala hotelini, ataondoka. Ni hasara, kwa sababu madini hayohayo yaliyomleta ndiyo mlango wa historia ndefu ambayo ingemfaa kuijua.

Vilima vya shaba hujitambulisha vyenyewe. Msitu wa miombo hukoma ghafla, na kilima hubaki na nyasi na mimea mifupi inayovumilia madini ambayo yangeua mti. Baadhi ya mimea hiyo, kama Haumaniastrum robertii, haijulikani kwingine ila katika ukanda huu, na watafuta madini wa karne ya 20 waliisoma kama ramani. Wahunzi wa Kisanga walijua siri ya vilima hivyo kabla yao. Mtama ukishavunwa na kiangazi kuanza, walipiga kambi karibu na vilima. Wanawake na watoto waliokota malakiti ya kijani juu ya ardhi, wanaume wakachimba zaidi, wakachoma mkaa na kujenga tanuru kwa udongo wa kichuguu. Kazi ilikuwa na miiko yake, na waliojua kuyeyusha hawakumfundisha kila mtu. Wazungu waliokuja kuandika habari zao waliwaita wala shaba.

Shaba iliyoyeyushwa ilimiminwa katika umbo la msalaba, na misalaba hiyo ilisafiri mbali. Mwaka 1957 wanaakiolojia walipoanza kufukua makaburi ya kale huko Sanga, kando ya Ziwa Kisale, waliikuta imezikwa pamoja na vyungu vya ustadi wa hali ya juu. Makaburi ya zamani zaidi ya utamaduni huo, unaoitwa wa Kisale, yana umri wa zaidi ya miaka 1,000. Kule ziwani hakuna shaba. Mtu aliyezikwa Sanga na msalaba mikononi alikuwa mvuvi au mtawala wa bonde la mafuriko, na mali yake ilishuka kutoka vilima vya kusini. Njia kati ya vilima na maziwa ilikuwa imeshakanyagwa kabla Kolwezi haijaotwa hata ndotoni.

Msiri aliikuta njia hiyo na kuitanua. Kutoka mji wake wa Bunkeya, mashariki ya Kolwezi, katika eneo la Lubudi, misafara ilibeba pembe za ndovu, shaba, chumvi na watumwa kuelekea pande mbili: mashariki hadi pwani ya Waswahili, magharibi hadi Benguela. Upande wa watumwa hauwezi kurukwa na msimulizi yeyote mkweli, kwa kuwa nguvu ya Bunkeya ilijengwa pia juu ya machozi ya majirani. Bunduki zilizoingia zililipiwa kwa pembe, na pembe zilizidi kupatikana mbali zaidi kadiri tembo walivyopungua. Ndani ya misafara hiyo Kiswahili kilipanda hadi Katanga, na bado ndicho kinachosikika sokoni Kolwezi.

Wageni wa kutoka Ulaya walianza kuwasili. Wareno Capello na Ivens walivuka nchi hii katika safari yao ya 1884 na 1885, na mmisionari Frederick Stanley Arnot alifika Bunkeya 1886. Msiri aliwapokea kama mfalme apokeavyo wageni, lakini bendera ya Mfalme Léopold wa Ubelgiji hakuitaka. Tarehe 20 Desemba 1891 Kapteni Omer Bodson, wa msafara wa Stairs uliotumwa kwa niaba ya Léopold, alimpiga risasi akamuua, naye Bodson akapigwa risasi na watu wa Msiri na kufa kwa jeraha hilo. Mwaka uliofuata mwanajiolojia Jules Cornet alikuwa tayari anapima miamba. Kampuni ya Union Minière ilianzishwa 1906, reli ya kutoka kusini ikafika Lubumbashi 1910 na Bukama 1918. Bukama mtu aliteremka garimoshi akapanda meli, akaelea juu ya Lualaba kupitia mabwawa ya Kisale, viboko na ndege wa majini wakiwa pande zote. Huenda hayo ndiyo matembezi ya kwanza ya kutazama wanyama kwa tiketi katika nchi hii, ingawa abiria wengi walikuwa na haraka ya kufika kaskazini.

Kisha ukaja mwaka 1939. Tarehe 15 Mei, serikali ya Kibelgiji ilitangaza Hifadhi ya Taifa ya Upemba, kilomita za mraba 17,730, kuanzia mabwawa ya Lualaba hadi nyika za juu za Kibara. Mfano ulikuwa Hifadhi ya Albert ya 1925, ambayo leo ni Virunga: ardhi iliyotengwa kwa ajili ya sayansi. Kati ya 1946 na 1949 Gaston-François de Witte aliongoza wataalamu waliokusanya vyura, nyoka, samaki na wadudu kwa wingi uliojaza vitabu kwa miaka mingi. Kazi yao ni hazina, na bila hiyo tusingejua leo tumepoteza nini. Lakini mvuvi na mwindaji, ambao mababu zao ndio waliozikwa Sanga, waligeuka wavamizi kwa kalamu moja. Tangu siku hiyo mnyama akawa na kitabu chake, mzee na simulizi lake akabaki nje ya mpaka.

Kampuni ya Union Minière nayo ilibadilisha mto. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 bwawa la umeme lilijengwa karibu na Kolwezi, pale Lualaba inapoingia makorongo ya Nzilo, na likazaa ziwa ambalo samaki wake wanalisha mji. Kwa kizazi kizima cha wafanyakazi wa migodi ziwa lilikuwa mahali pa kupumua. Mei 1978 ilivunja mengi: waasi waliotoka Angola waliingia Kolwezi tarehe 13, askari wa Kifaransa wakaruka na miavuli tarehe 19, na mamia ya watu, Waafrika na Wazungu, wakafa.

Upemba yenyewe iliumizwa zaidi na vita vilivyofuata. Mitwaba, mlango mmojawapo wa hifadhi, iliingia katika ile waliyoiita pembetatu ya mauti, ambako wanamgambo wa Mai-Mai wa Gédéon Kyungu walichoma vijiji hadi alipojisalimisha 2006. Waliwinda kwa bunduki za kivita. Askari wa hifadhi waliuawa, na wanaendelea kufa kazini. Tembo wanakadiriwa kubaki takriban 200. Pundamilia wa mwisho wa Kongo wanaishi kwenye nyika hizo za juu, pamoja na palahala na pofu. Tangu 2017 taasisi ya taifa ya hifadhi, ICCN, inashirikiana na shirika la Forgotten Parks, na doria zimerudi.

Watalii bado ni wachache mno. Wakija, yafaa waongozwe kwa namna ya zamani, yaani mnyama na mzee katika ziara moja. Bunkeya huwakusanya Wayeke kila 20 Desemba kumkumbuka Msiri, na ukoo wake wa Mwenda bado unatawala huko. Musumba, kule Kapanga, ni makao ya Mwant Yav, mfalme wa Walunda, na mpango wa mji wake mkuu wa jadi ulifuata umbo la kobe. Ni mwendo mrefu kwa barabara ngumu, lakini nani atamweleza mgeni habari za Chibinda Ilunga kuliko Walunda wenyewe?

Kwenye bonde la Lualaba hali haisubiri. Mwaka 2005 mwanasayansi mmoja alitambua kwamba lechwe wa Upemba, swala wa mabwawani, ni spishi ya pekee; aliithibitisha kwa ngozi na mafuvu yaliyokaa katika makumbusho kwa miongo mingi. Picha ya kwanza ya mnyama huyo akiwa hai ilichapishwa 2025, pamoja na makadirio kwamba waliobaki hawafiki 100. Hesabu ilifanywa kwa ndege. Kazi iliyobaki ni ya mtumbwi ndani ya mafunjo, na wanaoijua ni wavuvi wa Kisale na Upemba, waliowekewa mpaka mwaka 1939.