Ulaghai wa ada ya awali: jina linalobeba kipimo chake

Ulaghai wa ada ya awali ni kosa la kumwahidi mtu fedha au mali nyingi, kisha kumtoza kiasi kidogo kabla hajaipata, ilhali ahadi yenyewe ni ya uongo. Kwa Kiingereza huitwa advance-fee fraud. Barua pepe za bahati nasibu ni tawi lake moja. Mtu ambaye hajanunua tiketi popote anaarifiwa kwamba anwani yake ya barua pepe imechaguliwa na kompyuta na kushinda mamia ya maelfu ya euro. Akijibu, anatumiwa cheti chenye mhuri, jina la wakala na jina la benki. Akishaamini, anaambiwa zimebaki gharama ndogo tu: bima, kodi, ada ya kuhamisha fedha, hati ya kuthibitisha kwamba fedha hizo si haramu. Akilipa moja huzuka nyingine, na zawadi haifiki kwa sababu haikuwapo.

Kosa hili lina majina mengi katika Kiswahili cha kila siku. Wengi husema utapeli wa mtandaoni au wizi wa mtandao. Majina hayo yanataja njia iliyopitiwa, hayataji kinachofanyika. Anayeibiwa nywila yake ametapeliwa mtandaoni, na aliyeuziwa simu isiyokuwapo vilevile. Isitoshe, kosa hili halihitaji mtandao. Katika karne ya 19 lilisafiri kwa posta: watu wa Uingereza na Marekani walipokea barua zilizodai kutoka kwa tajiri aliyefungwa gerezani Hispania, akiomba fedha za kumkomboa na kuahidi kugawana nao hazina aliyoificha. Mfaransa Vidocq, mhalifu aliyekuja kuwa mkuu wa wapelelezi wa Paris, alieleza katika maandishi yake barua za aina hiyo zilizoandikwa na wafungwa wa nchini kwake. Leo ahadi hiyohiyo inakuja kwa barua pepe, kwa WhatsApp na kwa ujumbe mfupi wa simu. Jina linalofungamana na chombo huchakaa chombo kinapobadilika.

Lipo pia jina la namba: 419. Ni kifungu cha Kanuni ya Makosa ya Jinai ya Nigeria kinachohusu kujipatia mali kwa udanganyifu. Nchini Tanzania kosa la namna hiyo limo katika kifungu cha 302 cha Kanuni ya Adhabu, na nchini Kenya katika kifungu cha 313, hivyo namba ya Nigeria haimwelezi msomaji wetu chochote. Mbaya zaidi, inaliegemeza kosa kwa taifa moja, wakati wafungwa wa Ufaransa walikuwa wakiandika barua zao kabla Nigeria haijapata jina hilo. Nigeria yenyewe ilipotunga sheria mahususi mwaka 2006 haikutumia namba. Iliita kosa hilo, kwa tafsiri yetu, ulaghai wa ada ya awali, na sisi hatuna sababu ya kuwa nyuma ya sheria yao.

Tulipime jina hilo neno kwa neno. Ulaghai ni udanganyifu unaofanywa kwa maneno matamu na hila ili mtu atoe mwenyewe kilicho chake. Hapo ndipo unapotofautiana na wizi, ambao humchukulia mtu asichokitoa. Tofauti hii ni muhimu mbele ya benki na polisi, kwa kuwa aliyelaghaiwa alibonyeza namba zake mwenyewe na kutuma kwa ridhaa iliyopatikana kwa uongo. Ina uzito pia nyumbani. Mitaani tunasema fulani ameingizwa mjini au ameingizwa mkenge, na maneno hayo humcheka aliyeumia. Neno ulaghai linaiweka hatia kwa mlaghai. Naliunga mkono hasa kwa hilo, kwa maana aibu ndiyo inayowafanya watu wengi wanyamaze, waendelee kulipa kwa siri, na wasimwonye jirani.

Ada ni malipo ya huduma. Wapo wanaopendelea kusema malipo ya awali, na si kosa, lakini malipo ya awali yana matumizi mengi halali: ya nyumba, ya umeme, ya safari. Ada inafaa zaidi kwa sababu ndiyo sura anayoivaa mlaghai. Haombi fedha waziwazi. Hudai anakusanya ada kwa niaba ya benki, ya mamlaka ya kodi, ya kampuni ya bima au ya mwanasheria.

Kuna neno la zamani lililokaribia kuchukua nafasi hiyo, nalo ni arubuni, ambalo kamusi huliandika pia arabuni au rubuni. Ni fedha anayoitanguliza mnunuzi ili mali isiuzwe kwa mwingine. Kandokando yake tuna kitenzi kurubuni, yaani kumshawishi mtu kwa kitu cha kutamanisha mpaka apotoke. Kwa sauti, maneno hayo mawili yanapendeza katika istilahi ya kosa hili. Hata hivyo arubuni ni desturi ya haki. Mnunuzi wa shamba ameliona shamba, anamjua muuzaji, na alichotanguliza huhesabiwa ndani ya bei. Anayeambiwa ameshinda bahati nasibu si mnunuzi, hajaona kitu, na anachotoa hakihesabiwi popote. Kuliita kosa hili kwa jina la arubuni kungeichafua desturi njema na kumpa mlaghai heshima asiyostahili.

Neno la tatu, awali, ndilo lenye kipimo. Ada yenyewe si ishara ya uongo, ila kudaiwa kabla ya zawadi ni ishara. Mshindi wa kweli ana fedha zake mikononi mwa mwendeshaji wa mchezo. Ikiwa kuna kodi au gharama, mwendeshaji huikata humo na kumpa kinachobaki. Ndivyo inavyofanyika Tanzania na Kenya katika kodi ya michezo ya kubahatisha. Ndivyo pia ilivyo Hispania kwa bahati nasibu ya Krismasi, ambayo zawadi yake kubwa, El Gordo, hutajwa mara nyingi katika barua za walaghai. Droo hiyo, ambayo historia yake inaanzia Cádiz mwaka 1812, huchezeshwa tarehe 22 Desemba. Wanafunzi wa shule ya San Ildefonso huimba namba na zawadi mbele ya umma, na anayelipwa ni mwenye tiketi iliyonunuliwa. Hakuna kapu la anwani za barua pepe.

Basi swali la kumuuliza yeyote anayedai ada ni moja: ikiwa fedha ni zangu na unazo, kwa nini usikate humo? Mlaghai atajibu kwamba sheria hairuhusu, kwamba fedha zimefungwa kwa bima, kwamba muda unakwisha saa kumi jioni. Atakuomba usimwambie mtu. Atataka utume kwa njia isiyorudisha fedha kwa urahisi, kama Western Union, M-Pesa au sarafu za kidijitali. Majibu hayo yote yanakwepa swali.

Kwa Waafrika Mashariki kipimo hiki kinahitajika zaidi panapotajwa bahati nasibu ya kweli. Marekani iliunda kwa sheria ya 1990 droo ya viza za uhamiaji, ambayo kwetu tunaiita Green Card, na wapo Wakenya, Watanzania, Waganda na Wakongomani waliohamia huko kwa njia hiyo. Walaghai hujificha nyuma ya ukweli huo. Kanuni ya Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani ni kwamba haimpelekei mtu barua pepe kumwambia amechaguliwa. Mwombaji huangalia matokeo mwenyewe katika tovuti rasmi, kwa namba aliyopewa alipojiandikisha, na ada ya viza hulipwa ubalozini wakati wa mahojiano. Anayedai ada hiyo mapema kwa barua pepe, hata kama jina lako na tarehe yako ya kuzaliwa anavijua, si mtumishi wa ubalozi.

Vipo vipimo vingine, ila tusivipe uzito kuliko vinavyostahili. Tumezoea kuambiwa tuangalie makosa ya lugha. Mwaka 2012 mtafiti Cormac Herley wa Microsoft alionyesha kwamba barua isiyoaminika kirahisi ina faida kwa mlaghai: wenye mashaka hujitoa mapema, naye hubaki na wachache walio tayari kuamini. Sasa programu za akili unde zinaweza kumwandikia mtu yeyote Kiswahili kilichonyooka, kwa hiyo barua safi si ushahidi wa uaminifu. Anwani ya mtumaji husaidia zaidi, ikisomwa kutoka mwisho. Ofisi za serikali ya Tanzania huishia na .go.tz, za Kenya .go.ke, za Marekani .gov. Neno gov likiwa katikati ya anwani halithibitishi kitu. Hata mwisho ukionekana sawa, usibonyeze kiungo wala usipige simu iliyoandikwa humo. Tafuta namba ya taasisi kwa njia yako.

Aliyekwisha kulipa aache mara moja, aiarifu benki au mtandao wa simu alikotuma, na ahifadhi ujumbe wote kwa ajili ya polisi. Namba ya simu ya tapeli hutumwa kwenda 15040 nchini Tanzania, na kwa wateja wa Safaricom nchini Kenya kwenda 333. Kisha ajihadhari na wimbi la pili: wiki chache baadaye anaweza kuandikiwa na anayejiita mwanasheria au afisa wa polisi, akisema fedha zimepatikana na zitarudishwa baada ya ada ndogo. Ni kosa lilelile, na jina lake ni lilelile.

Ndiyo maana napendekeza istilahi hii itoke kwenye vitabu vya sheria iingie redioni, darasani na kwenye mabango ya mawakala wa fedha. Mtu anayejua kwamba kuna kosa linaloitwa ulaghai wa ada ya awali hahitaji kukariri kila barua mpya. Siku mama au shangazi atakaposema ameshinda na anahitaji mkopo wa kulipia bima ya zawadi, tusimcheke. Tumtajie jina hilo, tumweleze maana yake, na tukae naye mpaka atakapouliza mwenyewe kwa nini hawakati humo humo.