SEND + MORE = MONEY: fumbo la nani?

Kuna sentensi moja ambayo wapenda mafumbo wengi duniani wanaijua: SEND + MORE = MONEY. Kwa Kiswahili chetu, "tuma pesa zaidi". Ukiisoma haraka utadhani ni kilio cha mwanafunzi wa bweni aliyeishiwa. Kumbe ni hesabu ya kujumlisha! Kila herufi inaficha tarakimu yake, herufi mbili hazifichi tarakimu moja, na hakuna namba inayoanza na sifuri.

Fumbo hili lilitoka kwenye jarida la The Strand, London, Julai 1924. Mtunzi wake ni Mwingereza Henry Ernest Dudeney, aliyezaliwa 1857. Babu yake alikuwa mchunga kondoo aliyejifundisha hesabu mwenyewe. Dudeney naye aliacha shule akiwa na miaka 13, akawa karani serikalini. Chuo kikuu hakukanyaga.

Haya, tulifumbue. Ukijumlisha namba mbili za tarakimu nne ukapata ya tano, ya mbele lazima iwe 1. Basi M ni 1. Kwenye maelfu, S na 1 lazima zifike kumi, na hapo O haina budi kuwa 0, maana 1 imeshachukuliwa. Mamia hayawezi kubeba kitu, kwa hiyo S ni 9. E ikijumlishwa na sifuri inatoa N, herufi nyingine, maana yake makumi yamebeba moja: N ni E na moja zaidi. Kwenye makumi, R ingekuwa 9 au 8. 9 ina mwenyewe, basi ni 8, na mamoja yamebeba. Zimebaki 2 hadi 7. D na E zifike angalau 12, maana Y haiwezi kuwa 0 wala 1. Jaribu E ikiwa 7, halafu 6: zote zinagongana na nyingine. Inabaki 5. N ni 6, D ni 7, Y ni 2.

9567 + 1085 = 10652. Jibu ni hilo moja tu.

Kilichonigusa zaidi mimi kama mwandishi ni suala la jina. Dudeney aliwahi kushirikiana na Mmarekani Sam Loyd, bingwa wa mafumbo, wakibadilishana kazi kwa barua. Baadaye akamshutumu Loyd kwamba anachapisha mafumbo yake kama ya kwake. Urafiki ukaishia hapo. Na wapo waliodhani Loyd ndiye aliyeanzisha mafumbo ya herufi na tarakimu, wakati jarida la American Agriculturist lilishachapisha ya aina hiyo mwaka 1864. Hata Dudeney hakuwa wa kwanza. Yeye aliyapa maneno yenye maana.

Sisi tunaoishi kwa kalamu tunalijua hilo. Kunakili kazi ya mtu ni dakika moja, kurudisha jina lake kunaweza kuchukua miaka.

Nami nimejaribu la Kiswahili: TANO + MOJA = SITA. Maneno yako sahihi, na tarakimu zinakubali pia: 1320 + 5093 = 6413. Kasoro yake ni kwamba lina majibu mengi, wakati la Dudeney lina moja. Anzia na O, lazima iwe sifuri. Ukitunga lenye jibu moja tu, liandike jina lako chini kabisa.