Mjinga na Mpumbavu: Maneno Mawili Mpakani Gisenyi

Tunapotafsiri maneno ya Kiingereza "ignorant", "foolish" na "stupid", wanafunzi wengi huandika neno moja tu: mjinga. Insha hii inadai kwamba tafsiri hiyo inafuta historia, na kwamba historia hiyo inaonekana vizuri Grande Barrière, kwenye mpaka wa Gisenyi na Goma.

Katika pwani ya karne ya 19, mtumwa mjinga alikuwa yule aliyeletwa karibuni kutoka bara, ambaye hajajua lugha wala desturi za mji. Aliyezaliwa pwani aliitwa mzalia. Ujinga, basi, haukuwa upungufu wa akili bali ugeni, na uliisha mtu alipozoea. Hata hivyo neno lilikuwa na ukatili wake: mtu alitolewa kwao kwa nguvu, kisha akadharauliwa kwa kutojua ya wenyeji. Mpumbavu ni mwingine. Yeye anajua, au angeweza kujua, ila hatumii akili.

Mwalimu Nyerere alipotaja maadui wa taifa, alitaja ujinga, umaskini na maradhi. Upumbavu hakuutaja. Ujinga una dawa, nayo ni elimu.

Kiswahili kilifika Gisenyi pamoja na wafanyabiashara na utawala wa Wajerumani. Mwaka 1910, makubaliano ya Brussels yaliiacha Gisenyi kwa Wajerumani na Goma kwa Wabelgiji. Kinyarwanda nacho kina mgawanyo wake: injiji hana elimu, igicucu hana akili.

Mwaka 2008 serikali ya Rwanda iliamua kwamba shule zifundishe kwa Kiingereza badala ya Kifaransa. Mwalimu aliyesoma miaka mingi kwa Kifaransa akawa mjinga kwa maana ile ya zamani: mgeni ndani ya darasa lake mwenyewe. Angevuka kizuizi hatua chache tu hadi Goma, ambako Kifaransa kiliendelea kuwa lugha ya masomo, angehesabiwa msomi tena. Akili yake haikubadilika. Kilichobadilika ni upande wa mpaka.

Kwa hiyo napendekeza "ignorant" iwe mjinga, na yale mawili mengine yabaki upande wa upumbavu. Wahenga walisema kupotea njia ndiko kujua njia. Tukimwita mpumbavu mtu aliyepotea tu, tunamnyima nafasi ya kuijua.