Usiuze hiyo vaisi kwa kilo

Wasee wa Garissa, kabla vaisi ya awowe, ile ya kubania chuma kwenye meza ya fundi, iende kwa skrapu, isugue ubavuni na brashi ya waya. Ukiona RECORD na namba 3, imetoka Sheffield, Uingereza, na mdomo wake ni inchi 4. Rangi yake ya kiwandani ni buluu; icheki kwenye pembe.

Kwa nini ujali? Historia yetu huandikwa kama amri tu. 1926 Waingereza walifunga Northern Frontier District, kuingia mpaka kibali. Desemba 1963, wiki mbili tu baada ya uhuru, hali ya hatari ikatangazwa. Sheria zake zilifutwa 1991. Vitabuni sisi ni mpaka na vita basi. Hiyo vaisi inakuambia kulikuwa na fundi pia, akikata bomba na kunyoosha vyuma vya lori.

Kuirudisha si ngumu. Ifungue, loweka vyuma kwenye siki usiku mmoja, suuza, kausha, paka skrubu grisi. Lakini grainda isiguse maandishi: ukiyafuta, umefuta ushahidi. Halafu muulize awowe aliipata wapi, na uandike.