Mtihani wa Wabishi wa Cambridge

Wazee wengi wa Kenya waliosoma shule za sekondari zamani, ukiwauliza masomo yao yalifika wapi, hukujibu kwa maneno mawili: "Nilifanya Cambridge." Hawana maana kwamba walivuka bahari. Maana yao ni mtihani wa cheti uliotungwa na Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza. Maswali yakaletwa kutoka huko, na majibu yakarudishwa huko huko kusahihishwa, mpaka Afrika Mashariki ilipopata baraza lake la mitihani, na hatimaye Kenya ikaunda lake mwaka 1980. Chuo hicho kilianza kuwatahini wanafunzi wa shule mwaka 1858. Lakini kabla ya hapo kilikuwa kimewatahini wanachuo wake wenyewe kwa muda mrefu, na jinsi vijana hao walivyojitayarisha, walivyoumia na walivyojiokoa ni habari inayomhusu kila mtu aketiye kuandika mtihani, kwa sababu desturi nyingi tuzidhaniazo kuwa za tangu na tangu zilizaliwa pale.

Hapo kwanza mtihani haukuwa wa kuandika. Mwanachuo alisimama mbele ya watu akatetea jambo kwa lugha ya Kilatini, na wenzake wakampinga kwa hoja, huku msimamizi akisikiliza na kupima nani ana akili nyepesi na ulimi mwepesi. Ndiyo maana wale waliofaulu daraja la kwanza katika hisabati waliitwa kwa jina lenye maana ya wabishi, na aliyewashinda wote akaitwa Mbishi Mkuu. Jina hilo lilidumu hata baada ya ubishi wenyewe kufa. Kadiri hisabati ilivyozidi kuwa ngumu, ndivyo ilivyoonekana kwamba haipimiki kwa mdomo. Katika karne ya 18 watahiniwa wakaanza kuketishwa katika Jumba la Seneti, wakapewa kalamu na karatasi. Na mabishano ya Kilatini yakakoma kabisa karibu na mwisho wa miaka ya 1830.

Badiliko hili laonekana dogo, lakini liligeuza maisha ya wanachuo. Katika ubishi mtu aliweza kuokolewa na ucheshi, au na sauti nzuri, au na jina la baba yake. Katika karatasi hakuokolewa na kitu ila alama. Na alama zikiisha kuhesabiwa, watu waweza kupangwa mmoja mmoja, wa kwanza hadi wa mwisho. Cambridge ilifanya hivyo hasa. Orodha ilisomwa hadharani na kuchapishwa katika magazeti. Mbishi Mkuu akasifiwa katika nchi nzima, na yule wa mwisho katika orodha ya heshima akateremshiwa na wenzake kijiko kikubwa cha mti kutoka roshani, mbele ya wageni, siku ya kupokea digrii. Mzaha huo ulichekesha wote isipokuwa mmoja.

Mwaka 1854 mtihani ulikuwa na karatasi 16 katika siku nane, jumla ya saa 44 na nusu, na maswali 211. Ulifanywa mwezi wa Januari, wakati wa baridi kali ya Uingereza. Hapana mtu aliyetegemewa kuyajibu yote. Siri ilikuwa kasi: kulitambua swali mara ulionapo na kuandika jibu bila kusita, kama fundi ashikaye chombo bila kukitazama.

Kasi ya namna hiyo haifundishwi katika hotuba za maprofesa. Kwa hiyo wanachuo wenye fedha walikodi walimu wa pembeni, na kati ya hao hakuna waliovuma kama William Hopkins na Edward Routh. Hopkins alikuwa ameoa, na sheria za siku zile hazikumruhusu mtu mwenye mke kushika nafasi ya kudumu katika chuo. Basi akafanya kazi ya kuwafunza vijana kwa malipo. Kufikia mwaka 1849 wanafunzi wake 17 walikuwa wamekwisha kuwa Wabishi Wakuu. Routh, aliyekuwa mwanafunzi wake, alimpita: tangu mwaka 1855 hadi 1888 alifunza zaidi ya vijana 600, na zaidi ya 25 kati yao wakashika nafasi ya kwanza. Njia yake haikuwa ya ajabu. Aliwaweka katika vikundi vidogo, akawaeleza somo kwa mpango usiobadilika, akawapa maswali ya mitihani iliyopita kila wiki wayajibu kwa saa, akayasahihisha na kuwaonyesha kila mmoja amesimama wapi kati ya wenzake. Mwanafunzi wa leo atayatambua mambo haya. Kila azoezaye maswali ya miaka iliyopita huku akitazama saa, anafuata njia ya Routh asipomjua Routh mwenyewe.

Na miili yao je? Vijana hawa waliamini kwamba kichwa hakifanyi kazi ndani ya mwili uliolegea. Asubuhi walisoma, alasiri wakatembea maili nyingi au wakapiga makasia mtoni, jioni wakasoma tena. William Thomson, aliyekuwa Mbishi wa Pili mwaka 1845 na baadaye akajulikana kwa jina la Lord Kelvin, alishinda mashindano ya makasia angali mwanafunzi. James Clerk Maxwell alijaribu hata kuupanga usingizi wake upya: alilala jioni, akaamka usiku kusoma, na saa nane za usiku akakimbia huku na huku katika ujia wa bweni na kupanda na kushuka ngazi, ili anyoshe viungo. Waliolala karibu walimngoja nyuma ya milango yao, na kila alipopita wakamtupia viatu na brashi za nywele.

Lakini si wote walioweza kucheka. Maxwell huyo huyo, katika kiangazi cha mwaka 1853, aliugua homa kali baada ya kusoma kupita kiasi, akalala kitandani kwa majuma. Alipoingia katika mtihani Januari iliyofuata, alisema baadaye, akili yake ilikuwa kama tupu; kisha ikang'aa ghafla kwa namna isiyo ya kawaida, na alipotoka nje alipepesuka kwa kizunguzungu. Alikuwa wa pili. Wa kwanza alikuwa Routh. Routh aliendelea kuwatengeneza washindi. Maxwell akagundua kanuni za umeme na sumaku ambazo pasipo hizo redio isingalipatikana.

Wala mfano huo si wa pekee. Mwaka 1837 wa nne katika orodha alikuwa George Green, msaga unga wa Nottingham, aliyeingia chuoni akiwa na umri wa miaka 40. Kazi yake ya mwaka 1828 hutumiwa na wanafizikia hadi leo. Wa pili alikuwa James Joseph Sylvester, akanyimwa digrii kwa kuwa alikuwa Myahudi na hakuweza kuapa kwa imani ya kanisa la nchi. Aliipata mwaka 1872. Aliyewatangulia wote wawili sasa hatajwi na mtu, ila na wachunguzi wa orodha za kale.

Sasa twafika mahali ambapo mtihani huu unatugusa Waafrika moja kwa moja. Francis Galton alikwenda Cambridge akitumaini kuwa mmoja wa Wabishi. Katika mwaka wa tatu kichwa kilimzidi kazi, akaugua, akayaacha masomo ya heshima na kuchukua digrii ya kawaida. Mwaka 1869 alitoa kitabu juu ya urithi wa akili, akatumia alama za mtihani ule ule uliomshinda. Alionyesha kwamba katika mwaka mmoja wa miaka ile Mbishi Mkuu alipata zaidi ya alama 7,500 kati ya 17,000, na wa mwisho wa orodha hakufikia 300. Tofauti kubwa namna hii, alisema, ni ya kuzaliwa nayo. Na katika kitabu hicho hicho akaendelea kuyapanga mataifa ya watu kama wapangwavyo watahiniwa, akawaweka Waafrika chini ya Wazungu.

Msomaji aliyekwisha kusikia habari za Hopkins na Routh ataona upungufu wa hoja hiyo. Alama 7,500 zilikuwa na ndani yake miaka mitatu ya mazoezi, ada ya mwalimu, chakula kizuri na afya isiyovunjika. Galton alizihesabu zote kuwa damu. Kwa maoni yangu ni ajabu kwamba mtu aliyeangushwa na uchovu, wala si na ujinga, ndiye aliyesahau kwamba mtahiniwa ana mwili.

Pigo jingine kwa fikira za namna hiyo lilitoka mahali pasipotazamiwa. Kuanzia mwaka 1881 wanawake waliruhusiwa kufanya mtihani, ila hawakupewa digrii, na majina yao yakasomwa baada ya wanaume. Watu wengi walishika kwamba ubongo wa mwanamke hauwezi kuhimili mzigo wa hisabati. Mwaka 1890 Philippa Fawcett wa Chuo cha Newnham aliketi mtihani huo. Naye alikuwa na walimu wazuri. Lakini hakukesha na kitambaa chenye maji kichwani kama walivyofanya wengine. Alisoma saa chache kwa mpango, akalala mapema. Siku ya matokeo jina lake lilipofikiwa, msomaji alitaja nafasi yake kwa maneno ambayo hayakuwa yamesikika kabla: yu juu ya Mbishi Mkuu. Ukumbi ukalipuka kwa shangwe hata sentensi haikumalizika. Digrii hakupewa. Cambridge ilianza kuwapa wanawake digrii kamili mwaka 1948, na mwaka huo ndio aliokufa Fawcett.

Wakati huo mpango wenyewe ulikuwa umekwisha kubadilishwa na wale waliofaulu ndani yake. G. H. Hardy, Mbishi wa Nne wa mwaka 1898, alisema wazi kwamba mbio hizi zilikuwa zimewafanya Waingereza kuwa hodari wa kujibu maswali na wavivu wa kuuliza mapya, ilhali Ufaransa na Ujerumani zikienda mbele. Yeye na wenzake walipigania mabadiliko, wakapingwa sana na wale walioona fahari ya chuo inaondolewa. Walishinda kura. Orodha ya mwisho ya kupanga watu mmoja mmoja ilisomwa mwaka 1909, na mwaka huo kikateremshwa kijiko cha mwisho, kirefu kuliko mita moja. Tangu mwaka uliofuata majina ya kila daraja yaliandikwa kwa kufuata herufi.