Taya la Mtoto wa Jirani

Nilipokuwa darasa la tatu pale Kifaru, mtoto wa jirani yetu alianza kuvimba taya. Mama yake alidhani ni jino. Hazikupita wiki nyingi meno yenyewe yakalegea, jicho moja likasukumwa nje, na watu wakaanza kunong'ona habari za uchawi. Bibi yangu, mzaliwa wa mlimani Ugweno, alisema neno ambalo sikulitilia maanani: "Haya mambo ni ya huku kwenu chini. Kule juu hatukuyajua." Mtoto alipelekwa kwa mganga, kisha kwa mng'oa meno, na mwisho hospitali. Walikuwa wamechelewa.

Miaka mingi baadaye nilisoma habari za daktari mpasuaji Denis Burkitt, nikamkumbuka bibi. Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago, Kampala, Burkitt alionyeshwa mtoto wa miaka mitano aliyevimba pembe zote nne za taya. Muda si mrefu akamwona mwingine Jinja. Mwaka 1961, pamoja na madaktari Ted Williams na Cliff Nelson, alisafiri maili 10,000 kwa gari kuukuu, kutoka Uganda kupitia Tanganyika hadi kusini mwa Afrika, akionyesha picha hospitali baada ya hospitali na kuuliza: mmewahi kuona ugonjwa huu? Ramani waliyoipata ilifuata joto na mvua. Karibu na ikweta, ukipanda zaidi ya futi 5,000 hivi, uvimbe ule hutoweka. Bibi hakuhitaji gari.

Ramani ile ilikuwa ya mbu, na Burkitt alidhani mbu ndiye anayebeba kirusi. Hapo alikosea, lakini kosa lenyewe lilikuwa na faida. Vipande vya uvimbe vilisafirishwa kwa ndege kutoka Kampala hadi London, kwa Anthony Epstein. Mwaka 1964 yeye, Bert Achong na Yvonne Barr walitangaza kwamba wamekiona kirusi ndani ya chembe zilizokuzwa kutokana na uvimbe huo.

Kirusi cha Epstein-Barr hakiletwi na mbu. Huenezwa kwa mate, na watu wazima karibu wote duniani wanacho. Hushika chembe nyeupe za damu za aina ya B, zile zinazotengeneza kingamwili, yaani askari wetu wenyewe. Kikiingia, huziamuru zigawanyike bila kukoma. Chembe nyingine, za aina ya T, huziua nyingi kati ya hizo; zinazobaki hukihifadhi kirusi kimya maisha yote. Mtu hana habari.

Tatizo ni malaria inayomrudia mtoto mara kwa mara. Huzichochea chembe B zizidi kugawanyika, na papo hapo huwachosha walinzi. Katika kugawanyika huko, siku moja kipande cha kromosomu ya 8 hukatika na kupachikwa pasipo pake, mara nyingi kwenye ile ya 14. Jeni inayoamuru ukuaji hujikuta jirani na jeni ya kutengeneza kingamwili, ambayo katika chembe B hailali kamwe. Uvimbe unaozaliwa hapo huweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Ndiyo maana wiki zile za kumsubiri mng'oa meno zilikuwa nyingi mno.

Sisi wa Upare tunaingia katika historia hii kwa mlango wa nyuma. Katika miaka ya 1950, nyumba za tambarare za Upare na Taveta zilipuliziwa dieldrini. Malaria ikapungua sana, na damu ya watoto ikaongezeka. Daktari Draper, aliyepima damu hizo, alikuwa baadaye mmoja wa watafiti waliowapa watoto wa Mara Kaskazini klorokwini, kuanzia 1977 hadi 1982, ili kuona kama uvimbe utapungua. Ulipungua kweli, ila ulikuwa umeanza kupungua hata kabla ya vidonge, na vimelea vikaizoea dawa. Jibu halikutoka safi.

Nilipokwenda likizo nilimweleza mama wa marehemu yote haya, isipokuwa jambo moja: kwamba tangu miaka ya 1960 Burkitt alikwisha kuona uvimbe ukiyeyuka kwa dawa, na baadhi ya watoto wakapona kabisa. Alinisikiliza akichambua mchele.

"Kwa hiyo, mwanangu, halikuwa jino?"

"Halikuwa jino, mama. Wala hakuwa mtu."